Daktari Kaa Kwanza na Goti la Mama Mkwe

Jina la Kaa Kwanza daktari hakupewa na mama yake. Alipewa na mtaa, kwa kuwa ndilo neno analomwambia kila aingiaye, awe anakohoa, awe analia, awe amekuja kusoma mita ya maji tu. Hata mwizi aliambiwa. Aliingia mchana kweupe kuiba kiti cha wagonjwa, na kiti kilikuwa kimeshapanda kichwani pale daktari alipotokea: "Kaa kwanza." Jamaa akakishusha, akakikalia. Alipopimwa presha, ikakutwa iko juu kuliko paa la zahanati. Akaondoka na vidonge, kiti akakiacha. Asiyeamini akakiulize kiti.

Zahanati yenyewe ni vyumba viwili na kibaraza chenye benchi. Watoto waliochanjwa mle huku wakimng'ata daktari vidole, leo wanaleta wa kwao waje kung'ata. Anajua nyumba ipi ina sukari, ipi baba mtu alianguka kwa presha, na nani hacheki tangu alipoachika. Kwake yeye ugonjwa ni mgeni mbaya, heri umkute barabarani kabla hajapiga hodi. Daktari akikukuta sokoni atakuchungulia kikapu: "Chumvi yote hii, unamkausha nani?"

Lakini lililowakera watu ni moja. Ukimleta mgonjwa, na wewe unapimwa. Ukisema huumwi, atakujibu, "Mgonjwa ana wa kumleta. Aliyemleta, nani atamleta?"

Asubuhi moja akaingia bibi mmoja anachechemea, kaegemea mkwewe, dereva wa lori ambaye mtaa mzima ulimwita Tani Kumi. Huyo akipita mlangoni, mlango ndio unaomba radhi. Na hospitali alikuwa akizipita kama treni inavyovipita vituo vidogo.

"Goti lipi, bibi?"

"La kulia, mwanangu. Linawaka moto!"

Daktari akalibonyeza. Bibi akapiga ukelele ulioamsha paka wa nyumba ya tatu. Daktari akageuka kuchukua dawa ya kuchua. Kurudi, bibi kashika goti la kushoto.

"Limehama?"

"Maumivu nayo yana miguu, daktari." Na nyuma ya mgongo wa mkwewe bibi akakonyeza jicho.

Daktari akaelewa. Goti lilikuwa nauli tu, abiria mwenyewe ni mwingine.

"Haya, bibi, kapumzike kwenye benchi. Wewe, kaa kwanza."

"Mimi mzima, daktari. Kesho alfajiri nina safari."

"Mzima hupimwa upesi."

Akamvisha mshipi wa presha, ukagoma kuuzunguka mkono, akatafuta mkubwa. Akapima, akangoja, akapima mkono wa pili. Juu. Juu sana.

"Unalala?"

"Kama gogo."

"Gogo gani lina macho mekundu hivyo?"

Tani Kumi akainama. Daktari alikumbuka kwamba mvua zilizopita jamaa huyu alimzika mdogo wake, dereva kama yeye, aliyepinduka na lori kwenye kona ya mlimani. Matanga hayajaisha, Tani Kumi akarudi barabarani. Watu wakamsifu: mwanamume huyo! Daktari hakumsifu. Alikuwa akimngoja.

Sasa hakumkazia macho. Alivuta kiti chake kikaja bega kwa bega na cha mgonjwa, wote wawili wakatazama ukuta, kama dereva na abiria wanavyoitazama njia. Ukuta ukaenda, ukaenda, na Tani Kumi akaanza kusema.

"Ile kona, daktari. Nikiifikia, mikono inalegea. Najiambia, usikate usukani. Acha liende lenyewe. Kelele zote zitakwisha."

Sauti ya daktari haikutikisika. Akalitaja neno lenyewe, bila kulivisha nguo.

"Unafikiria kujiua?"

"Ndiyo."

"Na kesho unapita pale?"

"Kesho asubuhi."

"Basi kesho huendi."

"Tajiri atampa gari mtu mwingine!"

"Na ampe. Gari lina spea dukani. Wewe spea yako inauzwa duka gani?"

Tani Kumi akacheka, na kicheko kikageuka njiani kikawa kilio. Alilia mpaka chupa za dawa zikagongana kabatini. Daktari akamwacha alie, kamwekea mkono begani. Alipotulia, daktari akamwambia kwamba huo ni ugonjwa, kama presha ilivyo ugonjwa. Si uchizi, wala si unyonge. Una dawa, na una watu waliosomea kuzungumza na mgonjwa, na yeye mwenyewe atamwona kesho, na keshokutwa, mpaka amchoke. Kisha akampigia simu tajiri mwenye lori.

"Dereva wako mgonjwa, hasafiri."

"Anaumwa nini?"

"Hilo la kwake. Na wewe mara ya mwisho ulipima presha lini?"

Tajiri akasema hewala, hewala, dereva apumzike, akakata simu kabla hajaalikwa.

"Mkeo anajua?" daktari akauliza.

"Namhurumia. Sitaki kumtwisha."

"Leo hulali peke yako na jambo hili. Twende."

Pale kibarazani Tani Kumi akampa mama mkwe funguo za lori. Bibi akazifungia kwenye ncha ya kanga, asiulize kitu, akatangulia mbio, magoti yote mawili yamesahau kazi yao ya kuuma.

Nyumbani walimkuta mke anapiga pasi. Kuona daktari, akashtuka. "Mama kafanya nini?"

"Mama yako mzima kupita kiasi. Mumeo ana neno."

Tani Kumi akalisema, likikwama na kunasuka, mpaka likaisha. Mkewe akaisimamisha pasi.

"Kwa hiyo hukunichoka?"

"Nikuchoke wewe?"

"Kila usiku unanipa mgongo! Mimi nikajua una mtu."

"Ningempata wapi mtu, na macho haya?"

Mke akamchapa kwa shati lenye unyevu, mara moja, mara mbili, kisha akamwangukia kifuani wakalia pamoja. Daktari akachomoa pasi kwenye umeme, maana moto nao huzuiwa mapema.

"Nisimulie ya shemeji," mke akasema, akimfuta uso kwa shati lile lile. "Tangu tumzike hujamtaja."

Tani Kumi akavuta pumzi ndefu. "Siku ya kwanza kushika usukani," akasema, "lori zima alilitia kwenye bwawa la bata. Bata wakapanda nyuma, wakajua ni basi lao."

Daktari akarudishia mlango taratibu. Alipofika barabarani aliwasikia wanacheka.