Siku Niliyokufa Mbele ya Mama

Miezi mitano ya mwanzo katika kikundi cha michezo ya kuigiza nilikuwa na maneno manne tu: "Hodi. Barua yako, bibi." Niliyasema Jumapili alasiri katika ukumbi mmoja wa Dar es Salaam, kisha nikatoka kwa mlango wa nyuma kwenda kukunja nguo za wenzangu. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na minane, na kiburi changu hakikutosha ndani ya maneno manne. Basi kila wiki niliyasema kwa namna nyingine. Wiki hii mleta barua ana njaa, wiki ijayo ana haraka, wiki ya tatu anajua kilichoandikwa ndani na anamwonea huruma mwenye barua. Hakuna aliyegundua, isipokuwa fundi cherehani.

Huyu fundi ndiye aliyecheza wanawake wote wa kikundi chetu. Mjini wanawake walikuwepo tele, lakini mwenye binti hakukubali binti yake asimame juu ya jukwaa atazamwe na kila mwenye macho. Kwa hiyo fundi, ambaye siku ya mchezo alinyoa ndevu mara mbili, alikuwa ameolewa na nusu ya wanaume wa kikundi. Alikuwa mtu mpole. Alinifundisha kutupa sauti mpaka imfikie aliyekaa mlangoni, bila kupiga kelele.

Nilikaa Ilala kwa shangazi yangu, aliyeniomba kwa mama nije kumsaidia biashara ya vitumbua. Asubuhi nilikaanga, mchana nilikwenda mazoezini. Mama alibaki kwetu Msimbu, huko Kisarawe, akilima muhogo wake na kuamini kwamba mwanawe anajifunza biashara. Sikumdanganya. Sikumwambia tu, na wakati ule niliona hayo ni mambo mawili tofauti.

Watu huniuliza kazi hii niliipata wapi, wakitegemea nitaje shule au Mzungu fulani. Niliipata kwenye matanga ya baba yangu. Nilikuwa mdogo, nimekaa na mama, akina mama wanalia, mara akaingia mtani wetu, mzee wa Kinyamwezi aliyekuja pwani kufanya kazi ya mkonge akahamia Mlandizi. Sisi Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, na kwenye msiba mtani ana ruhusa asiyo nayo ndugu. Alikuwa amevaa kofia ya baba. Akakohoa kama baba, akatukana kisigino chake chenye mwiba kama baba alivyokuwa akikitukana, akaomba ugoro kwa sauti ileile. Mama, ambaye alikuwa hajala siku mbili, akacheka mpaka akashika mbavu, akalia tena, kisha akakubali uji. Nikaona kwamba mtu anaweza kufanya hivyo kwa mwili wake na sauti yake tu. Tangu siku hiyo sikutaka kitu kingine.

Nafasi yangu ilikuja kwa mkono wa fundi. Siku moja mazoezini alivua gauni la mke, akalikunja, akamwambia kiongozi wetu, ambaye alikuwa mwalimu wa shule, "Mwalimu, mpe huyu msichana. Mimi nikilia kama mwanamke, nachekesha." Mchezo wenyewe ulikuwa wa mume anayesafiri, akirudi anamkuta mkewe juu ya jeneza. Mwalimu ndiye aliyeuandika, na ndiye mume. Mwishoni alikuwa na hotuba ndefu juu ya maiti, aliyoipenda kuliko alivyompenda mtu yeyote kati yetu. Akaninyooshea kidole: "Ukitikisa hata ukucha wakati nasema, kazi huna."

Wiki hiyohiyo habari zilifika Msimbu. Jirani yetu aliyeuza muhogo sokoni Kariakoo aliniletea ujumbe wa mama: "Mwambie nakuja kuona kwa macho yangu. Nikiona aibu, kesho yake tunarudi wote." Bila radhi ya mama nisingebaki Dar hata siku moja, na si kwa woga. Ndivyo nilivyolelewa, na hata leo sioni vingine. Nikamtumia salamu kwamba mchezo ni wa heshima, kwamba mimi ni mke wa mtu humo na navaa kanga mpya. Kuhusu kufa sikusema neno. Nakiri sikukumbuka, nilikuwa nawaza kanga.

Kwetu, kumlaza mtu mzima wa afya ndani ya sanda ni uchuro. Ni kama kuuita msiba kwa jina. Nilijua hilo tangu utoto, lakini mji ulikuwa umeniziba masikio. Siku ya mchezo fundi alileta bafta nyeupe mpya kutoka dukani kwake, akanifunga kama maiti wanavyofungwa, miguuni, kiunoni na kifuani, uso akauacha wazi ili mume aage. Nilipolalamika kwamba amekaza, akanicheka: "Maiti haulizwi sanda."

Mama alikaa benchi la tatu, kati ya shangazi na yule mtani wetu, ambaye hakuwa tayari kukosa safari ya bure. Sehemu ya kwanza nilimwona akicheka, nikajua mambo yangu yamenyooka. Kisha nikafa, wakanibeba na jeneza, wakanitua katikati ya jukwaa. Mwalimu akapiga magoti na kuanza hotuba yake.

Nikamsikia mama ananiita. Aliniita kwa jina langu la utotoni, lile ambalo hakuna mtu mjini aliyelijua. Akaita mara ya pili, na safari hiyo sauti ilikatika katikati. Watu wakamwambia anyamaze. Mimi sikutikisika. Nausema ukweli huu japo haunipendezi: nilimsikia mama yangu ananililia, nikabaki nimekufa, kwa sababu nilikuwa nimeisubiri nafasi ile miezi mitano.

Halafu nikasikia bakora ikigonga mbao. Mtani alikuwa amepanda jukwaani. Akakaa mbele ya jeneza na kunyoosha miguu: "Hapiti mtu hapa! Huyu ni mtani wangu, hazikwi mpaka nipewe jogoo!" Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Mwalimu akaongeza sauti, mtani naye akaongeza yake. Akaanza kuniigiza: ninavyobishana na mbuzi njiani, ninavyowasomea kuku mashtaka yao, ninavyokula ukoko wote kisha nalia kama paka ili paka ndiye alaumiwe. Aliyaleta yote, na kila moja lilikuwa la kweli. Wengi walidhani mzee amelewa. Kumbe aliona mama analia mbele ya sanda na hakuna mtani aliyesimama, akaifanya kazi yake.

Ila mama hakucheka. Mtani mwenyewe alishangaa, akanyamaza. Katika ule ukimya nikamsikia mama akimwambia, taratibu sana, "Mwache, baba. Hakujibu."

Nikafumbua macho. Nikakaa kitako. "Mama, nipo! Niko hapa, mama!" Nilitaka kumkimbilia, nikasahau kwamba miguu imefungwa, nikaanguka kutoka kwenye jeneza nikamwangukia mtani. Nusu ya wanawake walikimbilia mlangoni, wengine wakaanguka kwa kucheka, na mwalimu akavua kofia akaibamiza chini. Mchezo ukaishia hapo.

Nyuma ya ukumbi fundi alikuwa ananifungua mafundo. Mwalimu alisema: "Jumapili ijayo usije." Nilistahili. Mama akaingia. Alinishika uso, masikio, akanikunja vidole kimoja kimoja, kama anavyokaguliwa mtoto aliyeanguka kutoka mtini. Nilisubiri aniambie nifunge mzigo.

Mwalimu, pamoja na hasira zake, alikumbuka adabu. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Aliyeharibu ni mimi, si yeye."

"Mama, maiti haamki."

"Najua ni mchezo," mama akasema. "Nilimwona anacheka muda si mrefu. Shangazi yake ananinong'oneza, ni mchezo, ni mchezo. Nikajua ni mchezo, na bado nikaamini amekufa. Mimi niliyemzaa! Sasa ukimfukuza huyu utampata nani?"

Mwalimu akamtazama fundi. Fundi akaendelea kukunja bafta yake. "Mimi gauni sivai tena," akasema.

Nilianza kulia, na safari hii sikuwa naigiza. Mama akanifuta kwa ncha ya kanga yake. "Abaki," akamwambia mwalimu. "Radhi nimempa. Lakini usimfishe tena. Mchezo ukitaka mtu afe, muue huyu fundi."

Na kweli, fundi alikufa mara nyingi miaka iliyofuata, na alikufa vizuri, Mungu amrehemu. Mimi nimekuwa mama mkwe, mwizi, mchawi, malkia, na baadaye sauti yangu ikaingia hata redioni, Msimbu wakakaa kunisikiliza. Sijafa hata mara moja. Niliwahi kukataa mchezo mkubwa, ambao wenzangu wangeupigania, kwa sababu mwanamke wake anafariki mwishoni. Wakasema najidai. Sikuwaeleza, maana ningeanza wapi?

Mama alifariki kwetu, mchana, nikiwa nimekaa mkekani karibu yake. Wanawake waliokuwepo walitaka kumfunika uso, nikawaomba wangoje kidogo. Nikamwita. Nikamwita mara ya pili, kisha nikanyamaza, nimpe nafasi aamke.