Sauti Isichelewe, Betri Isife

Aurelia alikuwa fundi wa redio na simu mjini Mbinga, na hakuwa mtu wa kukiacha kifaa kikiwa kimepona nusu. Ukimpelekea redio inayokwaruza, atakuuliza inakwaruza asubuhi au jioni, na hashiki bisibisi mpaka umjibu. Wateja walimwona msumbufu, lakini walirudi.

Mwaka ule kilichomkaa rohoni ni masikio ya baba yake mdogo, Ildefonsi, mwalimu wa kwaya ya kigango chao upande wa Kigonsera. Besi aliisikia, soprano aliiona midomoni tu. Kifaa cha masikio alicholetewa kilimfaa sebuleni, ila mbele ya kwaya kilivuma kama bati chini ya mvua ya mawe. Mwenyekiti wa kwaya, Raimundi, akalisema lililokuwa vinywani mwa wengi: ikifika Misa ya jubilei ya kigango na mwalimu bado anapunga mikono huku kwaya imeshamtangulia, basi apumzike, asimame mwingine.

"Kupumzika!" Ildefonsi alimwambia Aurelia. "Hiyo si kuzikwa ukiwa unatembea? Nitengenezee wewe."

"Baba mdogo, mimi natengeneza redio."

"Na mimi nimeomba nini? Redio ya stesheni moja. Kwaya yangu."

Aurelia akaunda kisanduku cha kuvaliwa kifuani, ndani ya joho. Kilikuwa na kipaza sauti, waya wa kwenda sikioni, na kichakataji kidogo kinachoigeuza sauti kuwa namba, kikazikuza zile za sauti nyembamba tu, kisha kikazirudisha kuwa sauti. Betri ilibidi iwe ndogo. "Sitapanda mbele ya altare na betri ya gari," mzee alikwisha kuapa.

Mwanzo alikiacha kichakataji kikimbie kwa kasi yake yote. Sauti ilifika safi, kwa wakati. Jumapili, wakati wa matoleo, betri ikafa. Ildefonsi akaendelea kuongoza wimbo ambao wenzake walikuwa wameumaliza na kuketi.

"Mwalimu anaongoza malaika," Raimundi alinong'ona, na safu nzima ya besi ikainamisha vichwa kuficha kicheko.

Aurelia akapunguza kasi. Betri ikadumu, lakini sasa sauti ilimfikia mzee imechelewa, kama mwangwi unaorudi kutoka majabali ya Litembo. "Wananichelewesha," alilalamika, kumbe yeye ndiye aliyekuwa nyuma.

Kilichobaki ni volti. Aurelia alijua kuwa ukiziteremsha kidogo, ulaji wa betri unashuka sana, kuliko ukipunguza kasi peke yake. Tatizo ni kwamba viswichi vidogo visivyoonekana kwa macho ndani ya kichakataji vikipata volti chache hufunguka kivivu. Ukivilazimisha kukimbia, ni sawa na kupandisha pikipiki mlima kwa gia kubwa: itakohoa, izime. Basi akatafuta katikati: kasi ya kutosha tu sauti isichelewe, na volti za chini kabisa zinazoibeba kasi hiyo. Akakijaribu dukani mchana, bati la paa likiwaka jua. Kikafanya kazi mpaka jioni bila kosa.

Ilikuwa Juni. Misa ya kwanza ilianza ukungu ukiwa bado umelala kwenye mibuni, watu wamejifunika makoti na mablanketi. Baridi ikailegeza betri, na viswichi vilivyokuwa vimepewa volti za kubana vikazidi uvivu. Namba zikavurugika. Katikati ya wimbo wa Utukufu mzee akachomoa waya sikioni, uso umekunjamana.

"Mahindi," alisema nje. "Mtu anakaanga mahindi sikioni mwangu."

Aurelia alijichukia. Amezaliwa kwenye baridi hii, amekulia humu, halafu anapima kwa joto la mchana!

"Dada, umejitahidi," Raimundi alimwambia kwa upole. "Mwache mzee sasa."

"Sijamaliza," akajibu.

Alihudhuria mazoezi yaliyofuata, akakaa nyuma. Hakukitazama kisanduku, alimtazama baba yake mdogo. Akaona kwamba sehemu kubwa ya Misa mzee hana haja ya soprano: masomo, mahubiri, matangazo. Hapo kichakataji kingeweza kusinzia. Lakini kikisubiri kusikia wimbo ndipo kiamke, neno la kwanza litakuwa limepita, na kwaya hupotelea kwenye neno la kwanza. Ni kitu gani hutangulia wimbo?

Mikono. Ildefonsi aliinua mikono yote miwili, akaishikilia juu mpaka kila mtu avute pumzi, ndipo akaishusha. Hakuwahi kuanza vingine.

Kwenye kingora cha pikipiki kilichokufa Aurelia alitoa swichi yenye kigololi ndani, inayounganisha umeme ikiinamishwa, akaishonea kwenye mkono wa joho. Swichi ile haikula umeme wowote ikiwa imetulia. Mkono ukipanda, kisanduku kinapandisha volti kwanza, kinasubiri zitulie, ndipo kinaongeza kasi. Wimbo ukiisha na mkono ukatulia chini, kasi inatangulia kushuka, volti zinafuata. Alipogeuza utaratibu kwa majaribio, mahindi yakarudi kukaangwa. Safari hii alipima alfajiri, nje, kisanduku kikiwa juu ya jiwe lenye umande.

Siku ya jubilei kulikuwa na manyunyu na hotuba zisizokwisha. Kila mikono ya Ildefonsi ilipopanda, Aurelia alishika ukingo wa benchi. Mwanzo, matoleo, komunyo. Kwaya iliingia pamoja naye, ikatoka pamoja naye. Katika wimbo wa mwisho mzee aligeukia soprano ghafla, akamkazia macho Tereza, akanyanyua kiganja: panda, panda!

Nje ya kanisa Tereza alimwendea mbio. "Mwalimu! Mbele ya watu wote?"

"Ulishuka."

"Nimeshuka tangu Pasaka ya mwaka juzi, hukusema!"

"Sasa nasema."

Raimundi alicheka, kisha akavua kofia. "Basi mwalimu, mazoezi ni Jumatano kama kawaida?"

"Jumatano na Ijumaa. Mmeharibika sana ninyi."

Aurelia akamwomba joho aikague swichi. Mzee akaukumbatia mkono wa joho kifuani.

"Ijumaa," alisema, "baada ya mazoezi."