Pua ya Agustina na Maziwa ya Kijiji

Saa kumi na moja alfajiri Agustina Boke yuko zizini. Amekaa kwenye kigoda, ndoo ameibana kwa magoti, mikono yote miwili iko kwenye chuchu za ng'ombe anayeitwa Katibu. Moshi wa kinyesi kikavu unatambaa chini chini. Baridi ya Mbalibali mwezi huu wa Juni inauma masikio.

Mara anageuza kichwa upande wa kulia, haraka, kama mtu aliyeitwa. Tone la maji linatoka puani na kuanguka kwenye majani, shibiri moja nje ya ndoo. Anaendelea kukamua.

"Umeona?" anasema. "Mikono ina kazi, na pua haingoji."

Agustina, mwenye miaka arobaini na sita, amekuwa mkamuaji wa kijiji tangu mwaka 1974, watu walipohamia pamoja kwenye kijiji cha ujamaa. Huu ni mwaka wa nane. Kila asubuhi anakamua ng'ombe tisa, na maziwa yanakwenda kwa watoto wa chekechea na wagonjwa wa zahanati.

Kwa mwaka mmoja na nusu sasa pua yake inachuruzika. Baridi ikimgusa, inachuruzika. Moshi, harufu ya dawa ya josho, hata uji wa moto, ni hivyo hivyo. Homa hana, kikohozi hana, macho hayamwashi.

Februari mwaka huu mama mmoja aliona tone likiingia ndani ya ndoo. Maziwa yakamwagwa. Halmashauri ya kijiji ikaandika kwenye daftari: "Mkamuaji ana mafua ya kudumu." Akapewa hadi mwisho wa Juni. Pua isipotulia, ataenda shamba la pamba, na ng'ombe watapewa mtu mwingine.

"Pamba siikatai," anasema. "Lakini Katibu nilimpokea alipozaliwa, bado ana unyevu mgongoni. Mtu mgeni akimshika atabana maziwa, na watoto watakunywa nini?"

Katibu alipewa jina hilo kwa sababu hakubali jambo lolote bila maelezo.

Kisimani wanawake wakaanza kumtania. "Agustina, leo umetuletea maziwa yenye chumvi?" Naye akawajibu, "Mshukuru, dukani chumvi haipo."

Jambo la kwanza alilofanya ni kufunga kitambaa usoni. Katibu akamtazama, akarudi nyuma, akapiga ndoo teke.

"Alikuwa na haki," anasema Agustina. "Huku kwetu mtu anayekuja zizini alfajiri amefunika uso hajaja kukamua. Amekuja kuswaga ng'ombe wa watu."

Baadaye alipata matone ya kufungua pua kutoka kwa mtu wa upande wa Sirari, mpakani. Wiki ya kwanza yalimkausha kabisa, akaimba kanisani kwa sauti yote. Kufikia Machi pua ikawa inaziba usiku na kuchuruzika asubuhi, na kila akiacha matone inaziba zaidi.

"Nilikuwa namwomba Mungu akaushe pua," anasema. "Nikabadilisha maombi. Nikamwomba anionyeshe kwa nini inatoka maji."

Akachukua daftari la elimu ya watu wazima. Kila tone akaliandikia sababu yake: baridi, moshi, josho, uji. Aligundua kwamba vumbi la nyasi kavu, ambalo huwafanya wengine wapige chafya, yeye halimfanyi kitu.

Daftari hilo alilipeleka kwa Nashoni, mganga msaidizi wa zahanati. Nashoni akanakili kurasa mbili, akamwandikia daktari mmoja wa pua na masikio anayemfahamu. Jibu lilichukua wiki tano.

"Barua hii nimeisoma mara sita," anasema Nashoni. "Daktari anasema haya si mafua ya kuambukiza, wala si ya vumbi. Ni mishipa ya fahamu ya pua. Baridi ikigusa kidogo, yenyewe inafungulia maji kama kuna moto wa kuzima."

Daktari aliagiza matone ya dawa yaachwe, na pua isafishwe asubuhi na jioni kwa maji ya chumvi. Kisha akaeleza mambo mapya. Huko Ulaya wanajaribu dawa ya kupuliza inayozuia maji yasitoke. Wengine wanachunguza ukali wa pilipili, kama unaweza kuichosha mishipa hiyo hadi inyamaze. Na wapo wanaopasua na kuukata mshipa wenyewe.

"Pilipili puani," anasema Agustina, na kutikisa kichwa. "Huyo wa kwanza kujaribu ningependa kumwona."

Maji ya chumvi nayo yalimpa taabu. Dukani chumvi ilikuwa haipo, kwa hiyo alivunja kipande cha jiwe la chumvi wanalolamba ng'ombe, akakiloweka, akayavuta maji yake puani. Pua ikatoka damu siku mbili.

"Nilimwambia chumvi, sikumwambia ya nani," anasema Nashoni. "Kosa ni langu." Akamgawia chumvi ya nyumbani kwake, nusu kijiko cha chai kwa nusu lita ya maji yaliyochemshwa na kupoa.

Sasa ni wiki ya sita. Kabla ya maji hayo daftari lilikuwa na matone ishirini kwa asubuhi moja. Wiki hii hayazidi manne, na Agustina huyahisi yakija.

Leo Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Machage, amefika mwenyewe kuhakikisha. Anasimama karibu na moshi, mikono nyuma, akihesabu. Ng'ombe wa tano anapokamuliwa, Mzee Machage anavuta pumzi kwa nguvu na kupitisha kiganja chini ya pua.

"Shikamoo tena, tata," anasema Agustina, akimwita baba kwa lugha ya kwao, bila kuinua kichwa. "Na wewe una mafua?"

"Marahaba. Mafua gani? Ni baridi tu."

"Basi kaandikeni hivyo kwenye daftari."

Mzee Machage anacheka mpaka Katibu anageuka kumtazama. Jioni halmashauri inakaa, na sentensi ile ya Februari inafutwa. Agustina anabaki na ng'ombe wake, kwa sharti moja: asubuhi ambayo pua itamshinda, amwite jirani yake Verdiana amsaidie.

Baada ya mavuno atakwenda kumwona daktari aliyeandika barua. Dawa ya kupuliza ikifika nchini, yuko tayari kuijaribu. Kuhusu kukatwa mshipa, ana swali lake, na ameliandika lisije likasahaulika.

"Maziwa yakianza kuharibika mimi huyajua kwa harufu, kabla hayajabadilika rangi," anasema. "Nitamuuliza kama harufu hiyo nitaendelea kuisikia. Akisema sijui, nitamuaga vizuri na kurudi nyumbani."