Hajati Hakuolewa na Cheo

Mimi ni mtu wa nyumbani. Kutoka Pajulu hadi Arua mjini kwangu ni safari. Koboko ni nchi za nje. Mke wangu husema nikifa wasihangaike na jeneza, wanizike na kiti changu. Ndiyo maana dada yangu mkubwa aliporudi kutoka Makka, watu wa Koboko wakamiminika kumpokea, nami nikatuma salamu na kuku.

Kisha binti yangu akapata mchumba. Kwetu, siku wakwe wanapokuja kuzungumza, baba hana mdomo. Anayesimama kumsemea msichana ni shangazi yake. Shangazi akikaa kimya, wageni wanakunywa soda na kurudi kwao, hakuna ndoa. Na binti yangu ana shangazi mmoja tu.

Nikachapisha kadi yenye maua pembeni, nikaipeleka Koboko mwenyewe. Juu yake niliandika jina ambalo tulimwita dada tangu nikiwa sekondari: Mama Sajenti.

Dada aliolewa na mwanajeshi wa Koboko, akasilimu, akaishi kambini. Huko wanawake walivaa vyeo vya waume zao. Mke wa kapteni alichota maji kwanza, Mama Sajenti akafuata, mke wa askari wa kawaida akangoja mpaka bomba likaanza kukohoa. Baadaye sajenti akapata mke mwingine, akaondoka naye. Dada akabaki na watoto wanne. Akajitwika vitenge, akazunguka navyo soko baada ya soko, Koboko hadi Omugo, miaka na miaka. Akasomesha watoto wote, ndipo akajipeleka Hija. Katika miaka hiyo hiyo, mimi nilibadilisha mto wa kiti mara mbili.

Nilimkuta uani na wanawake wenzake wakichambua karanga. Hakuna aliyemwambia "wewe". "Hajati atakunywa chai?" walimwuliza yeye mwenyewe, usoni, kana kwamba Hajati yuko chumba cha ndani. Wala hawakuongeza jina, Hajati ilijitosha.

Nikampa kadi. Akaisoma, akampa jirani yake. Mikono yote ikaacha karanga.

"Bwana," jirani akaniuliza, "huyu Mama Sajenti iko anakaa wapi?"

"Si ndiye huyu?"

"Hapa Mama Sajenti hapana iko," dada akasema. "Alihama. Uliza kambini."

Walicheka mpaka kuku wakakimbia.

"Dada, ni kadi tu."

"Kadi tu? Wewe mtoto ya mama, unataka mimi nisimame mbele ya wakwe niseme binti yetu iko na heshima, na umeniandika kwa cheo ya mutu alinikimbia? Hii Hajati sikuolewa nayo. Nilitembea nayo kwa mguu." Akanionyesha lango. "Toka. Ingia tena."

Nikatoka, na mvi zangu. Nikabisha hodi. "Hajati, utakuja kumsemea mtoto?"

"A-aa!" wakaguta wote. "Utakuja ni ya nani? Rudi!"

Nikatoka tena. Majirani walishaanza kutazama juu ya ua. Mara hii nilikaa chini kwenye mkeka.

"Hajati ameamkaje? Ndugu yake amekuja kumwomba. Binti wa ndugu yake amepata wakwe. Hajati atamsemea?"

Ajabu, kumwita hivyo kulinisogeza nyuma kidogo, nikamwona mzima. Bega la kulia limeshuka kwa mizigo. Miguu ni mipana kama ya mkulima. Huyu ndiye niliyemtumia kuku.

"Hajati atakuja," akasema. "Hiyo kadi kula wewe."

Alikuja, na kanzu nyeupe. Wakwe walipouliza nani anamsemea msichana, nilisimama, nikasema, "Hajati," nikakaa. Ndiyo hotuba yangu ndefu kuliko zote.

Akamshika binti yangu mkono. "Huyu ni muuguzi," akawaambia. "Aliosha vidonda ya watu, alisoma na njaa, akapata hiyo jina yeye mwenyewe. Mkimwoa, msimvue hiyo jina. Siku mtamwita mke ya fulani peke yake, mimi nitakuja kumchukua."

Wakwe wakatazamana. Mzee wao akavua kofia kwanza, ndipo akajibu: "Hajati amesema. Muuguzi wetu tumempokea."