Shemeji Hana Gari, Lakini Lazima Awe wa Kwanza Kuchaji

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tisa, mzaliwa wa Suna, nimeolewa Rangwe na nina watoto watatu. Jina langu litoeni, lakini hasira yangu iacheni kama ilivyo.

Nabeba samaki kutoka Homa Bay kupeleka Migori. Petroli ilipokuwa inamaliza faida yote, nilinunua gari dogo la stima kwa jasho langu. Tatizo ni nyumba. Tunaishi kwenye nyumba ya mawe aliyojenga babu ya mume wangu, na serikali imeiweka kati ya majengo ya kale yanayohifadhiwa. Kuna kibao mlangoni, na huwezi kupiga hata msumari ukutani bila ruhusa. Mume wangu hukisugua kile kibao kila Jumapili, na hiyo ndiyo kazi nzito zaidi niliyowahi kumwona akifanya. Waya za ndani ni za zamani hivi kwamba ukichomeka pasi, taa zinafifia. Kwa hiyo nachaji gari kwenye hoteli moja Homa Bay, nikinywa chai nisiyoitaka huku samaki wakiharibika.

Nilipoomba ruhusa ya kuweka chaja nyumbani, nilidhani watu wa majengo ya kale ndio watanisumbua. Wapi. Afisa alikuja, akatembea nje, akasema chaja isiguse ukuta, isimame kwenye nguzo yake kando ya jiko la zamani, na waya upite chini ya ardhi. Akanipa ruhusa. Fundi akaanza kuchimba mtaro.

Ndipo akatokea shemeji, kaka mkubwa wa mume wangu. Kwa sisi Wajaluo mkubwa hupanda kwanza, huvuna kwanza, hujenga kwanza. Ukimruka, wanasema chira, laana ya kuvunja mila, itaingia nyumbani, watu waanze kuugua. Hilo naliheshimu, kila msimu tumemngoja atie jembe lake. Lakini chaja?

"Nyar Suna, hii dala iko na mpangilio," akaniambia, yaani mimi binti wa Suna nijue boma lina utaratibu wake. "Mdogo hawezi weka mahali pa kuchaji kabla mkubwa aweke yake. Ngojeni ninunue gari yangu kwanza."

"Utanunua lini?"

"Mungu akifungua njia. Kule machimbo ya Osiri tuko karibu kufikia dhahabu."

Tangu niolewe wako karibu kufikia dhahabu. Nikamwambia basi shika plagi wewe mwenyewe, uchomeke gari langu mara ya kwanza, tuendelee. Akakataa. "Hiyo ni kama nipande shamba yako halafu niseme nimepanda yangu." Akamwamuru fundi afukie mtaro. Mume wangu alikuwa ameketi pale pale, anakula ngege niliyemleta mimi, na hakufungua mdomo ila kutoa miiba.

Juzi wakati wa chakula akapata sauti, akaniita kwa jina la mtoto wetu. "Min Atieno, nimepata njia. Tuandikishe gari kwa jina ya bro. Akiwa na gari, atachaji wa kwanza, halafu sisi tutafuata."

Nikamuuliza, "Tutafuata na gari gani?"

Akafikiria kweli kweli, mtu mzima mwenye ndevu. "Tutakuwa tunaomba yake."

Nimezaa na mtu huyu watoto watatu. Kumbe walishakubaliana wawili hao bila mimi, na shemeji ameshaniomba ufunguo wa pili. Anataka pia nitoe yale makreti ya samaki nyuma kwa sababu yananuka. Mume wangu anasema nikikataa, mtoto akikohoa tu ukoo mzima utasema chira imeletwa na mimi. Hilo ndilo linaloniuma, maana najua watasema, na watoto wangu watasikia.

Nikitia sahihi, nimewapa kazi yangu na chakula cha watoto wangu. Nikikataa, siwezi kukaa dala hiyo kwa amani, itabidi nichukue watoto nirudi Suna nikapange nyumba, na niliolewa kwa heshima zote. Jumatatu shemeji anataka twende tukabadilishe jina la gari, na tayari ameazima koti la kuvaa.

Nishaurini ndugu zangu, nifanye nini? Msiniambie nivumilie. Najua nyumbani wataisoma hii na watanitambua, kwa sababu Rangwe nzima gari la stima ni hilo moja. Basi wasome hadi mwisho: hadi sasa, gari bado ni langu.