Maji ya Chemchemi

Arvella Napier hakuwa mtu wa kulia mbele za watu. Mumewe alipokufa kifua kimejaa vumbi la makaa ya mawe, maharage ya waombolezaji aliyapika yeye mwenyewe. Lakini mgodi ulipomporomokea Denzil, mwanawe wa pekee, kitu kilikatika ndani yake. Aliomba hadi magoti yakavimba, na huko juu kimya. Basi Jumapili ya kuoshana miguu, ambayo katika milima ile ya Kentucky huja mara moja kwa mwaka, alikwenda kanisani ameshaapa: nikitoka kama nilivyoingia, sirudi tena.

Wanawake walikaa upande wao, wanaume upande wao, wimbo ukivutwa polepole. Arvella alijibanza mwisho wa benchi, akafunika uso kwa kitambaa ili asisemeshwe. Mara mikono ikamvua viatu.

Ilikuwa mikono yenye sugu, mizito, wala si ya mwanamke. Na maji yalikuwa ya moto! Maji ya siku hiyo huchotwa kwenye chemchemi, huganzisha vidole. Nywele zikamsimama. Alitaka kuuvuta mguu. Ile mikono ikakishika kifundo chake cha mguu, ikatulia hapo, na matone yakaanza kumdondokea, moja moja. Aliyekuwa akimwosha alikuwa analia. Watu walikuwa wamemchosha Arvella kwa kumwambia jipe moyo, ni mpango wa Mungu. Hakuna aliyelia naye hivyo.

Alipofunua uso, hapakuwa na mtu. Dulcie, wifi yake, ndiyo kwanza alikuwa anakuja na beseni.

"Nisamehe, wifi, nimechelewa. Lete miguu hiyo."

"Nimeshaoshwa."

"Na nani? Beseni letu ni hili hili, halijatoka mikononi mwangu. Au siku hizi unaota mchana, mama wee?" Dulcie akainama kumshika mguu, akaurudisha mkono haraka. Mguu ulikuwa umelowa. "Wifi," akanong'ona, "usinitanie."

"Sikutanii. Nipe beseni."

Kwa desturi yao, aliyeoshwa hujifunga taulo naye akamwosha aliyemwosha. Arvella akajifunga, akaangaza kanisa zima asimwone wa kumlipa. Kisha akaenda hadi benchi la nyuma. Hapo alikaa Velma, mke wa msimamizi aliyemteremsha Denzil mgodini huku paa la shimo likilia kwa kutaka kuporomoka. Tangu mazishi hakuna aliyekaa karibu naye. Alikuwa kaufunika uso kwa viganja.

Arvella akapiga magoti. Maji yalimuuma vidole kwa baridi. Alipofika kwenye kifundo, mikono ikagoma kuendelea. Akakishika tu, na machozi aliyoyafungia muda wote ule yakamtoka, yakadondoka mguuni kwa Velma.

 Bila kufunua uso, Velma akauliza kwa sauti ndogo, "Nani wewe? Na haya maji, nani kayapasha moto?"