Kifaru Kisicho na Mlango

Gundi! Wallahi harufu ile iliniingia puani nikadhani nyumba inaungua. Nimetoka Kolo na basi la asubuhi, nafika Dodoma kwa mjukuu wangu Twaha, namkuta mtu mzima na ndevu zake amejikunja mezani anaunga kifaru cha vita cha plastiki, kidogo kama kipande cha sabuni. "Shikamoo Bibi, usiguse, hakijakauka! Ndio kwanza najifunza," kwa kisauti kile cha watu wa ofisini. Marahaba, mume wangu. Umechelewa. Mimi nilitengeneza kifaru mama yako hajazaliwa.

Mama yangu alikuwa mfinyanzi, na kaka yangu Juma alikuwa vitani. Malori ya jeshi yalipita barabara ya kwetu yamebeba vifaru mgongoni, nikavikariri. Tuliposikia Juma anarudi, nikachukua udongo nimfinyangie zawadi. Wewe unayeanza, sikiliza: anza na tumbo, kisha kichwa, mzinga mwisho, ukiuwahisha unaanguka. Anika kivulini, jua la kwetu linapasua. Na usikimbilie moto. Mimi nilikimbilia, maana kaka keshafika na kifaru bado kibichi. Tena nilikiziba kote kama yai, kipendeze. Mama akasema kwa sauti yake ya puani, "Weee, chungu kina mdomo. Hicho kinapumulia wapi?" Nikajitia kiziwi, nikakisukuma kwenye moto wa samadi pamoja na vyungu vyake.

Kaka alikuwa uani anakunywa uji. Kikapasuka, PAA! Nageuka, kaka simwoni. Uji umemwagika, yeye yuko chini, amemlalia mama, amemkandamiza kichwa vumbini, anaita majina ya watu tusiowajua. Mama anahema, "Juma, mwanangu, ni udongo. Ni udongo tu." Nilisimama na kijiti mkononi. Sijapata kuona mwanaume anatetemeka vile, na huyu ndiye kaka aliyekuwa akifukuza fisi huku anacheka.

Kesho yake alinifuata kwenye udongo. Nikajua leo nachapwa. Akakaa chini. "Finyanga kingine." Nikafinyanga. Kilipokamilika akatoboa kichwani kwa kidole chake, akalizungusha tundu likawa pana. "Hapa ndipo watu wanatokea," akasema. "Usipazibe." Basi. Habari za vita hakuzitaja tena mpaka tunamzika.

Sisi tulichimba udongo mtoni, leo kifaru kinakuja kwenye boksi na karatasi ya maelekezo ndefu kama khanga. Cha Twaha kina minyororo, kina rangi, cha kwangu kilikuwa kama kiatu. Nikainama nikitazame kwa juu. Mfuniko wa kichwani ameugandisha! Moyo ukanilipuka vilevile, paa.

"Fungua hapo, bado hakijakauka."

"Bibi jamani, si ndani hamna mtu!" Akacheka, akaningoja nami nimtanie.

Sikuweza. Akaniangalia, mimi ninayechekesha watu hata msibani. Kisha akanyoosha mkono akachukua wembe.